Upande wa Kishungi

Sindano alikuwa akikata soksi wakati shemeji yake alipoingia akipiga mluzi, na mluzi ule ndio uliomfanya ashushe pumzi. Shemeji akipiga mluzi ujue nyumbani kumelala salama na dada mtu ameamka na uso wake mzima.

Soksi wenyewe si wa miguuni. Ni mnyama wa kwenye matope ya maji chumvi, urefu wake hauzidi njiti ya kiberiti, mwili wake mfuko mtupu. Upande mmoja ana mdomo uliozungukwa na vimikono, upande wa pili hana kitu, amefungwa tu kama ncha ya soksi. Ndivyo walivyomwita mle maabara, na jina likaganda. Ukimkata vipande viwili hafi. Kila kipande kinajikunja, kinanuna siku kadhaa, kisha kinaota kilichokosekana, na wewe unabaki na soksi wawili. Basi kila Jumatatu asubuhi Sindano alikaa na wembe akiwapasua wazazi mmoja baada ya mwingine ili waongezeke. Akimaliza, anachukua mayai yao na kuyachoma kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, iliyobeba dawa ya kuzima jeni moja tu. Alikuwa na mkono mwepesi wa ajabu. Mayai mia tatu kwa saa, na hapasui hata matano. Watu walikuja kutoka maabara nyingine kumtazama tu, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika, hata yeye akiitwa kwalo alichelewa kuitika.

"Shemeji, mluzi huo wa nani leo?" aliuliza bila kuinua macho.

"Wa dada yako. Ameniamsha na chai."

"Na mimi wangu uko wapi?"

"Wewe umeolewa na wembe," shemeji alisema, na wote wawili wakacheka.

Huyo shemeji ndiye aliyekuwa Mkuu wa maabara, na hivyo ndivyo alivyoitwa na wote, Mkuu. Alimwoa dada mkubwa wa Sindano, akamwajiri kuwa mpigapicha wa hadubini, na dada naye akamwombea mdogo wake kazi ya kuchoma mayai. Watu watatu wa familia moja chini ya paa moja, na riziki ya wawili iko kiganjani mwa mmoja.

Mkuu alikuwa na maneno matamu, hilo hakuna wa kumnyima. Wageni wakija aliwasimamisha mbele ya mabakuli ya soksi akaanza. Miaka milioni mia sita iliyopita, kabla ya samaki, kabla ya konokono, wanyama wa mwanzo kabisa walipata jeni chache zenye kazi ya kupanga mwili: hapa mbele, hapa nyuma, hapa kichwa, hapa mkia. Jeni za ukoo huohuo anazo nzi, anazo panya, unazo wewe uliyesimama hapo umeshika kikombe. Soksi naye anazo, ingawa hana kichwa wala mkia. Sasa kwake zinapanga nini? Mkuu alidai jibu analo yeye. Ukimzimia jeni moja, soksi anazaliwa amegeuka chini juu, mdomo unakaa mahali pa ncha. "Jeni ni amri," alipenda kusema, akigonga meza kwa kidole. "Amri ikikosekana, mwili hauna adabu."

Na alikuwa anampiga mkewe. Naliweka wazi, maana mle ndani wote walilijua na wote walilizunguka kwa maneno. Dada akija na jicho limevimba alisema mlango. Akija anachechemea, ngazi. Kisha mlango tena. Nyumba ile ilikuwa na milango mikorofi. Siku moja mlinzi wa getini alimwona ameinama nje ya gari anatema damu, na alipoulizwa akasema yeye alikuwa anaangalia upande wa barabara. Vijana wawili wa utafiti, mmoja wakimwita Mrefu na mwenzake Miwani, walikuwa na redio mezani, na Mkuu akianza kumfokea mkewe kwenye chumba cha picha, redio ilipandishwa sauti. Funika kombe mwanaharamu apite. Sindano mwenyewe aliwahi kumkabili mara moja tu. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akamwambia ya ndani yana wenyewe, na usiku ule dada alilipia maneno ya mdogo wake. Tangu hapo Sindano alifyata, akawa anameza, na kila alipomeza alijichukia.

Halafu yakaisha. Miezi minane sasa, toka picha za soksi waliogeuka zilipoanza kutoka, Mkuu hakuwa ameinua mkono. Alipiga mluzi, aliwatania vijana, alimshika mkewe bega mbele za watu. Sindano aliamini ni furaha ya kazi iliyojibu. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya jeni.

"Dada yako ana homa," Mkuu alisema Jumatatu ile, akivua koti. "Picha za leo piga wewe. Unajua utaratibu. Ijumaa wageni wanakuja, nataka vioo ishirini vipya, vizuri, vya kung'aa."

Utaratibu wenyewe ni huu. Soksi akiwa mchanga, kabla hajaota vimikono, ni kidudu cha mviringo kinachoogelea majini, na mbele yake ana kishungi cha vinyweleo. Anaogelea kishungi mbele, mdomo nyuma. Kiumbe wa kinyumenyume, lakini ndivyo alivyo. Unamgandisha juu ya kipande cha kioo, na kabla ya yote unatazama kishungi kiko upande gani, unaweka kitone cha wino ukingoni mwa kioo upande huohuo. Baada ya hapo unamwosha kwa rangi ambayo inageuza mdomo kuwa zambarau. Kuosha kule kunapukutisha kishungi chote. Kwa hiyo mwishoni hakuna awezaye kujua mbele yake ilikuwa wapi ila kwa kile kitone. Soksi wa kawaida zambarau yake iko mbali na kitone. Soksi wa Mkuu, aliyezimiwa jeni, zambarau yake imekaa jirani na kitone kabisa, na picha hizo ndizo zilizomtembeza Mkuu kwenye mikutano.

Sindano aliandaa vioo ishirini. Aliweka vitone kwa uangalifu wa mtu anayefanyia dada yake kazi. Akaosha, akasubiri, akaweka cha kwanza chini ya hadubini. Zambarau ilikuwa mbali na kitone. Cha pili vilevile. Alifika cha ishirini hajaona hata mmoja aliyegeuka.

Akasema moyoni, leo dawa imeharibika. Akaichungulia dawa, ilikuwa nzima. Akarudia vioo kumi vingine kwa mayai ya Ijumaa iliyopita. Hakuna. Ndipo akanyoosha mkono kwenye rafu, akatoa kisanduku cha dada cha miezi iliyopita, akainua kioo kimoja akakilaza kuelekea mwanga wa dirisha. Kitone kilikuwa pale, cheusi, kizuri. Na upande wa pili wa kioo, ukingoni, kulikuwa na duara hafifu, kama alama inayoachwa na kikombe juu ya meza. Wino uliofutwa kwa spiriti. Akainua kingine. Kingine. Kisanduku kizima kilikuwa hivyo.

Saa saba mchana alikuwa mlangoni kwa dada. Alimkuta amejilaza kwenye kochi amejifunika shuka, macho makavu, na paji la uso alipoligusa lilikuwa baridi kama bomba.

"Dada, kitone unakiweka upande gani?"

"Leo umepiga picha wewe," dada alisema.

"Nimepiga."

"Basi unajua. Keti."

Akamsimulia, sauti haipandi wala haishuki. Picha za kwanza kabisa zilikuwa za kweli. Alimpelekea Mkuu mezani na hakuna soksi hata mmoja aliyegeuka. Mkuu akasema mke wake hajui hata kuweka kitone, arudie. Akarudia, zikatoka zilezile. Siku hiyo likaenda jino. Akarudia tena akampa zilezile, kwa kuwa ndizo zilizokuwepo, angetoa wapi nyingine. Hapo zikaenda mbavu mbili. "Mara ya tatu nilikaa na pamba na chupa ya spiriti," alisema. "Nikasema, kitone ni wino tu. Nikafuta huku, nikaweka kule. Mdogo wangu, alinibusu hapa. Akanipeleka kununua viatu. Miezi minane nimelala usingizi, hata nimenenepa."

"Lakini ni uongo, dada. Ametembea nao dunia nzima."

"Na wewe na ukweli wako mngelala wapi? Heri nusu shari."

Sindano alitazama viatu vile, viko chini ya meza, vimepangwa sambamba.

"Kwani hii homa ni ya nini?" aliuliza.

"Homa yangu ni Ijumaa. Wageni wameandika barua. Wanataka kuweka vitone wao wenyewe, kwa mikono yao, mbele ya kila mtu. Na bwana kakubali, kwa kujivuna kwake. Amejibu karibuni sana." Dada alivuta shuka hadi kidevuni. "Ataniua safari hii. Sisemi kwa kutia chumvi. Zamani alinipiga kwa picha ambayo hakuna mtu aliyeiona. Hii wameiona wote."

"Twende kwangu. Sasa hivi."

"Atakuja kwako. Atatukuta wawili."

Sindano alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akasema, "Nitamwambia ni mimi."

"Thubutu."

"Nitamwambia ulikuwa unaniachia vitone mimi. Nimekosea. Mimi hawezi kunifanya kitu, mimi si mke wake."

Dada alimng'ang'ania mkono mpaka kucha zikaingia, akamwapisha asithubutu. Sindano alimwahidi. Alimdanganya, na alijua anamdanganya.

Jumanne asubuhi Mkuu alikuwa kwenye chumba cha joto, chumba chenye kabati refu la chuma ambamo mayai yalilelewa. Mlango wa kabati hilo ulikuwa mzito, wa kufunga kwa kishindo ili joto lisitoke. Mrefu na Miwani walikuwa wanabadilisha maji ya mabakuli. Mlinzi alikuwa ameleta boksi la chumvi na anahema.

"Shemeji," Sindano alianza, "kuna kosa kwenye vioo. Ni la kwangu."

Mkuu aligeuka na tabasamu la utani bado liko mdomoni.

"Dada aliniachia kuweka vitone tangu mwanzo. Mimi nimekuwa nikiweka upande wa mdomo. Nilijua kila kinachoogelea kinatanguliza mdomo, kama samaki. Jana ndiyo nimetazama vizuri nikaona kishungi kiko upande mwingine. Hakuna soksi aliyegeuka, shemeji. Ni vitone vyangu."

Maelezo yalikuwa mazuri. Lilikuwa kosa ambalo kila mgeni wa kazi ile hulifanya juma lake la kwanza, na ndiyo maana alilichagua. Tabasamu la Mkuu lilibaki pale pale, ila macho yakaondoka.

"Vyote?"

"Vyote."

"Miezi minane."

"Ndiyo, shemeji. Nisamehe."

"Unaweka kitone kwa mkono upi?" Mkuu aliuliza kwa upole, kama daktari.

Sindano, masikini, akauinua wa kulia. Mkuu akaupokea kama anayetaka kumsalimia, akauvuta, akaulaza kwenye fremu ya kabati, akabamiza mlango. Sindano alisikia mlio kabla ya maumivu, mlio mkavu wa kuni. Mkuu akafungua, akabamiza. Akafungua, akabamiza. Mara ya nne Sindano alikuwa amekwisha kuanguka na ananing'inia kwa mkono uliobanwa, na sauti iliyokuwa inamtoka hakuitambua kuwa yake. Damu iliteremka kwenye chuma cheupe hadi sakafuni. Mkuu akauachia mlango. Akachukua bakuli la soksi akalirusha ukutani, akachukua la pili, la tatu, akawakanyaga wale wanyama kwa kisigino wakawa ute, anasukuma kisigino kushoto na kulia taratibu. Akamfuata Sindano pale chini akampiga teke la mbavu, na la pili, na la tatu lilimpata kwenye shingo.

Mrefu alisimama na bakuli mkononi, maji yanamwagikia viatu vyake. Mlinzi alikuwa ameshika boksi la chumvi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Na Miwani, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye redio, kwa mazoea, akapandisha sauti. Alipogundua alichofanya alianza kulia, lakini hakuizima.

Mkuu akajinyoosha ukosi wa shati. "Futeni hapa," aliwaambia, akatoka.

Hospitali walimkata vidole viwili na cha tatu wakakitia vyuma. Daktari alimwambia kidole gumba kimenusurika, kana kwamba anampa zawadi. Dada alikuja Jumatano mchana. Alisimama mguuni pa kitanda, akautazama mkono uliofungwa, halafu shingo iliyobadilika rangi. Hakulia. Sindano alitaka alie, ingekuwa nafuu.

"Umepona," Sindano alimwambia. "Ameamini."

"Ameamini," dada alisema. "Jana alirudi akala vizuri. Hakunigusa. Aliniuliza kama zile picha za mwanzo, zile za kweli, bado ninazo. Anakumbuka, unaona? Kasema nizifute. Na Ijumaa nisimame mimi mbele ya wageni, kama siku zote, niwaambie soksi wanageuka kweli, ila mdogo wangu kaharibu vioo kwa makusudi." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Niseme ni wivu. Niseme unanionea wivu wa ndoa."

Sindano alifumba macho. Hasira ilimpanda hadi vidole ambavyo havipo vikauma.

"Useme," alisema mwishowe. "Mimi nimeshaumia. Useme, dada, ubaki salama."

Dada alimpangusa jasho, akamnywesha maji, akaondoka.

Ijumaa Sindano aliomba ruhusa wodini, akaja na mkono umening'inizwa shingoni. Ukumbi mdogo wa maabara ulikuwa na viti thelathini na skrini ukutani. Wageni walikuwa watano, na mkubwa wao mwanamke aliyepita makamo, nywele nyeupe, ambaye Mkuu mwenyewe alimwita Mama Profesa na kumvutia kiti. Sindano alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, jirani na mlinzi. Mlinzi alimsalimia kwa kutazama viatu. Mkuu alimwona, akamwinamishia kichwa kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgonjwa.

Dada alisimama. Alivaa vizuri, na vile viatu.

"Hii ni picha ya tarehe nane," alisema, na soksi wa kwanza akatokea kwenye skrini, kitone huku, zambarau kule. "Kitone kiko sahihi, nilikiweka mimi. Soksi hajageuka. Nilimpelekea Mkuu akasema nirudie."

Mkuu aliketi wima.

"Hii ni ya tarehe kumi na tano. Hajageuka. Nilimpelekea saa nne asubuhi. Jino hili lilitoka saa nane mchana." Akafungua mdomo akavuta shavu kwa kidole, akawaonyesha pengo, bila haya, kama anavyoonyesha kifaa. "Hii ni ya tarehe ishirini na mbili. Hajageuka. Mbavu mbili, upande wa kushoto. Zinauma mpaka leo nikikohoa. Na hii inayofuata ndiyo mnayoijua, imechapishwa. Ni kioo kilekile. Nilikifuta kwa pamba nikaweka kitone upande wa pili, ili nisipigwe. Zote zilizofuata nimezifanya hivyo. Mdogo wangu hakugusa hata kimoja. Mdogo wangu yuko pale nyuma, mtazameni mkono."

Vichwa vikageuka. Mkuu tayari alikuwa amesimama anacheka kicheko kifupi, anawaomba radhi wageni, mke wangu ana homa, juma zima ana homa, huku anatembea kwenda mbele. Alimshika mkewe juu ya kiwiko. "Twende nyumbani, mama," alisema.

"Sijamaliza," dada alisema.

Akampiga. Alimpiga kwa ngumi iliyofungwa, katikati ya uso, mbele ya wageni watano na wenyeji ishirini, na dada akagonga skrini, ikayumba, na picha ya soksi ikawa inacheza juu ya mwili wake. Aliinuka. Damu ilikuwa inamtoka puani kwa wingi, inaingia mdomoni. "Sijamaliza," alisema tena, na Mkuu akamshika nywele akampigiza kichwa kwenye ukingo wa meza, mara moja, mara mbili. Na ukumbi wote, nawaambia, ukumbi mzima wa watu wazima wenye akili zao, ulikaa.

Sindano alikuwa amesimama. Akamgeukia mlinzi. "Na leo unaangalia barabara?" alimuuliza.

Mlinzi alikuwa mtu wa miaka hamsini na goti bovu. Alivuka viti vile kama kijana. Alimpiga Mkuu kwa bega wakaanguka wote wawili, na hapo Mrefu naye akaruka, na Miwani akaja analia, akamkalia miguu. Mkuu alitapatapa, akamng'ata Mrefu mkono hadi damu, akatukana matusi ambayo hata mtaani yanasemwa kwa kunong'ona. Walimkandamiza. Mlinzi alimwekea goti lake bovu mgongoni akabaki hapo, anahema.

Mama Profesa alimkalisha dada kwenye kiti, akamtolea kitambaa, akamshikilia kichwa kwa mikono yake mwenyewe mpaka damu ilipopungua na Sindano alipofika. Kuna mtu alikuwa anapiga simu polisi. Yule mama aliinua macho kwenye skrini iliyopinda, na hakuyatoa tena. Picha zilikuwa zimejirudia zenyewe hadi ya kwanza, na pembeni mwa picha hiyo ya tarehe nane kulikuwa na safu ya picha ndogondogo, za soksi waliokwisha kukua wakakatwa kwa upana, kama vipande vya tango.

"Hizi ni za nini?" aliuliza taratibu.

"Za kawaida tu," dada alijibu ndani ya kitambaa. "Hupigwa kwa kila kundi. Hazina kitu. Hakuzitaka."

Mama Profesa alikwenda kwenye kompyuta akaikuza moja hadi ikajaza ukuta. Soksi aliyekatwa kwa upana anaonekana tumbo lake limegawanywa kwa kuta, vyumba vinane. Mle ndani kila mtu aliijua nane hiyo kama anavyojua idadi ya vidole vyake. Yule mama alihesabu kwa kidole, kwa sauti, na alipomaliza mzunguko alikuwa amefika sita. Akakuza ya pili. Sita. Akakuza ya tatu, akahesabu polepole zaidi.

"Sita," alisema. "Jeni hii haijui mdomo wala ncha. Inagawa vyumba. Mnyama asiye na kichwa, na bado ndani anapangwa kwa jeni za ukoo ule ule unaopanga mgongo wangu." Aligeuka. "Mmeipata. Mnajua? Mmeipata tangu tarehe nane."

Pale sakafuni, Mkuu aliacha kutapatapa. Shavu lake lilikuwa limebanwa kwenye vigae na bega la Mrefu lilikuwa limemziba.

"Sogea," alimwambia Mrefu. "Sogea nione."

Mrefu, kwa mazoea, akasogea. Mkuu akanyoosha shingo.

Sindano alimkumbatia dada kwa mkono wake mzima, na dada akamsemea kifuani, maneno yanatoka na mapovu mekundu. "Sikuzihesabu. Nilizipiga tu, sikuzihesabu. Ningehesabu siku ile ningemwonyesha, ingekuwa furaha yake. Asingenipiga."

"Angekupiga, dada," Sindano alisema. "Angekupiga kwa kuwa umeona wewe kabla yake."

Dada aliinua uso. Alimtazama mumewe pale chini, ameinua kidevu kuelekea ukutani, midomo inacheza, anahesabu. Hakuwa amemtupia yeye jicho hata mara moja.

"Ndiyo," alisema. "Angenipiga."